Maji Yanayobaki

Mama yangu aliugua homa ya matumbo mara mbili kabla hajakubali kwamba ana tumbo. Mara ya kwanza alisema ni uchovu. Mara ya pili alisema ni embe alilopewa na jirani, na jirani akanuna mwezi mzima. Daktari wa zahanati, kijana mpole aliyempa shikamoo kabla ya kumgusa, alimuuliza anakunywa maji gani. Mama akajibu, "Ya kwangu." Kijana akaandika kitu, nadhani aliandika "bomba." Kisha akanigeukia mimi, akasema kwa umri wa mama na presha aliyonayo, mara ya tatu inaweza kuwa mbaya zaidi, maana utumbo ukizidiwa hutoboka. Neno "hutoboka" alilitamka kwa upole sana. Wiki ile sikulala vizuri.

Nyumba ya mama ipo Kariakoo, katika zile chache za chini zilizosalia. Kushoto ghorofa, kulia ghorofa, nyuma shimo la ghorofa linalochimbwa. Kila wiki hupita dalali kuulizia kama nyumba inauzwa. Mama humkaribisha barazani, humpa maji ya kunywa, humsikiliza mpaka mwisho, halafu humuuliza hali ya watoto wake. Dalali huondoka na maji tumboni, jibu hana. Mimi ndiye mtoto wake wa pekee. Ninakaa Ilala na ninauza viatu vya mitumba Mchikichini, kwa hiyo naweza kufika kwake kwa miguu, na nafika karibu kila siku, nikiwa nimechoka na mara nyingi nimekasirika. Hasira zangu ziko karibu. Mama anasema nilizaliwa nazo, na kwamba mtu wa kwanza niliyemgombeza alikuwa mkunga.

Maji ya dalali hutoka kwenye mtungi. Ni mtungi mkubwa wa udongo uliotobolewa kwa chini na kutiwa koki, umekaa barazani juu ya kigoda cha chuma, na kikombe chake kimefungwa kwa mnyororo. Mama aliuweka pale baada ya arobaini ya baba. Baba alikuwa mchuuzi wa samaki katika soko la Feri. Aliugua figo, akafa, na mama akaamua kwamba sadaka yake kwa marehemu itakuwa maji. Mwenye kiu apite, akinge, anywe, amwombee baba, aende zake. Kariakoo wenye kiu hawakosekani. Wapo wabeba mizigo, wasukuma guta, wamachinga, na watu wa mikoani waliokuja kununua bidhaa wakakuta jua la hapa halijadiliani na mtu. Mtungi ulijazwa asubuhi, ukajazwa tena baada ya adhuhuri. Kila Alhamisi mama aliukausha na kuufukiza kwa ubani maka, kama alivyomwona mama yake akifanya, ili maji yanukie. Wabeba mizigo walisema hakuna maji Kariakoo nzima yanayoyafikia yale. Na kweli yalinukia vizuri. Ubani unaua harufu mbaya, na hicho ndicho kitu pekee unachokiua.

Nilipomwambia mama achemshe maji yake ya kunywa, alichemsha siku tatu. Ya nne akasema maji yaliyochemshwa yana ladha ya sufuria. Nikamwambia asubiri yapoe. Akasema yakipoa yana ladha ya sufuria baridi. Basi nikaamua kununua filta, nikidhani filta ni kitu unachoingia dukani ukatoka nacho.

Wa kwanza niliyemkuta alikuwa kijana mwenye meza kando ya barabara na watu wamemzunguka. Alikuwa na glasi mbili. Moja ameijaza maji ya bomba, nyingine maji yaliyopita kwenye mashine yake. Akatumbukiza kifaa chenye miguu ya chuma, akawasha umeme. Glasi ya maji ya bomba ikaanza kutoa povu la kijani, ikawa ya hudhurungi, mwisho ikawa kitu ambacho hata mtaro ungekikataa. Glasi ya pili ikabaki nyeupe. Watu wakasema "Duh." Mama mmoja akaziba mdomo kwa khanga.

"Sista, mambo?" kijana akaniambia.

"Poa."

"Umeona mwenyewe. Hiyo ndiyo unayokunywa kila siku. Bongo hii tunaenda kaburini huku tunacheka."

Mimi nauza viatu vya mitumba. Najua jinsi ya kukipaka kiatu mafuta mpaka mpasuko usionekane, na najua mtu anayefanya hivyo husimama vipi. Kijana alikuwa amesimama hivyo hivyo. Nikamwomba atumbukize kifaa chake kwenye chupa ya maji ya dukani aliyokuwa akinywa yeye mwenyewe. Alisita, lakini watu walikuwa wanatazama. Akatumbukiza. Maji ya chupa yakawa ya hudhurungi.

"Hii nimeuziwa feki," akasema.

Nikamwachia meza yake, nikaenda duka la vifaa vya mabomba, mtaa wa pili kutoka kwa mama. Mwenye duka ni mama wa Kihindi, na duka lilikuwa la baba yake tangu sijazaliwa. Ana kijiti cha udi kinachowaka juu ya kikokotoo chake, na miwani iliyoning'inia kifuani ambayo haivai. Nikamwamkia, akaitika marahaba, nikamhadithia ya glasi. Hakucheka. Alisema vile vyuma ndivyo vinavyooza ndani ya maji umeme ukipita, na umeme hupita vizuri kwenye maji yenye chumvi chumvi, ambayo ndiyo maji karibu yote ya duniani. Mashine ya kijana inaondoa chumvi, ndiyo maana glasi yake haibadiliki. Kile cha hudhurungi kilitoka kwenye kifaa.

"Kwa hiyo maji ya bomba ni masafi?" nikauliza.

"Sijasema hivyo. Wewe unataka kutoa nini kwenye maji?"

"Uchafu."

"Uchafu gani?"

Niliona swali ni la dharau, halafu nikaona sina jibu lake. Akaniambia watu hununua filta kama wanavyonunua dawa ya kikohozi, bila kujua wanakohoa nini. Filta ya mshumaa wa udongo inazuia tope na vijidudu, lakini chumvi inapita. Mkaa unatoa harufu na dawa ya kwenye bomba, vijidudu unaviacha. Taa inaua vijidudu, ila maji yawe maangavu na umeme uwepo. Utando, kama ule wa mashine ya kijana, unatoa karibu kila kitu, chumvi mpaka vijidudu, lakini ni wa polepole na unatupa maji mengi kuliko unayokupa. Nenda kapime kwanza, akasema, ujue unakohoa nini.

Maji ya mama yana asili mbili. Siku ambazo mtaa umefikiwa na mgao yanatoka bombani, na ya mwanzo hutoka na rangi ya chai, kwa sababu waliochimba shimo la ghorofa walilikata bomba, wakaliunga wenyewe, na maungio yako ndani ya mtaro. Siku zisizo za mgao, mlinzi wa ghorofa la kulia humrushia mama mpira wa maji ya kisima, ya chumvi. Yote yanaingia tangi moja. Nilichukua chupa safi waliyonipa maabara, nikaikinga chini ya tangi, nikawapelekea. Baada ya siku chache wakanipa karatasi. Chumvi ilikuwa nyingi. Na kulikuwa na vijidudu vya kinyesi. Kinyesi cha nani, hawakuandika.

Nilimsomea mama ile karatasi barazani. Mama hakushtuka kwa chumvi. Alisema hiyo anaijua kwa ulimi. Nilipofika kwenye kinyesi aliniomba nirudie. Nikarudia. Wakati huo mbeba mizigo mmoja alikuwa ameweka gunia lake chini na ameshika kikombe, anakinga. Mama alimtazama akinywa mpaka mwisho. Yule bwana akafuta mdomo, akasema, "Allah amrehemu mzee," akabeba gunia lake.

"Kwa hiyo hivi ndivyo ninavyomwombea baba yako," mama akasema. "Kwa kinyesi."

Nikamwambia hakujua. Aliinuka, akafungulia koki, akauacha mtungi umwagikie barabarani mpaka ukakauka, kisha akaufunika kwa ubao. Siku zilizofuata wapita njia walipouliza, alisema mtungi unapumzika. Walikuja na kiu wakaondoka nayo, na mama aliwasindikiza kwa macho kila mmoja. Hakuwa akila vizuri. Mimi nilidhani anaogopa kuugua tena. Nilimhurumia kwa jambo ambalo hakuwa akilifikiria hata kidogo.

Nikanunua mashine ya utando. Presha ya mama haikuhitaji chumvi, tumbo lake halikuhitaji hayo mengine, na mama wa Kihindi alisema hapo mshumaa peke yake hautoshi. Fundi wake aliifunga jikoni siku moja, vichujio vitatu vimepangwa ukutani, utando wenyewe juu yake, pampu ndogo inayokoroma, na mirija miwili. Mrija wa kwanza unaishia kwenye koki nyembamba. Hayo ndiyo ya kunywa, na hutiririka kwa utepe mwembamba kama uzi wa cherehani. Mrija wa pili unaishia kwenye ndoo, na huo hauna aibu, unamwaga.

Fundi alimweleza mama kwa utaratibu. "Mama, haya ya koki ni ya kunywa. Haya ya ndoo ni yale yaliyokataliwa. Chumvi yote na takataka zote zimesukumiwa huku. Dekia, mwagia chooni. Usinywe."

"Nimekusikia, mwanangu," mama akasema.

Na alikuwa amemsikia. Nasisitiza hilo kwa sababu baadaye nilimtetea fundi mbele ya watu kadhaa, nikiwemo mimi mwenyewe.

Mtungi ukarudi kazini. Mama aliukausha, akaufukiza, akaujaza, na wabeba mizigo wakarudi siku hiyo hiyo, sijui nani aliwaambia. Mmoja alilalamika kwamba maji yamekuwa mepesi, hayana ule utamu wa zamani. Mama akamwambia utamu wa zamani ulikuwa na mambo yake. Nilifurahi. Nilijua mashine inatoa ndoo chache kwa siku, nikadhani mtungi unapata nyingine na mama anapata nyingine, wanagawana. Kila nilipopita nilimuuliza, "Mama, unakunywa maji ya mashine?" na kila siku alinijibu, "Nakunywa." Mama yangu hasemi uongo. Nilipaswa kuuliza swali refu zaidi.

Akaugua mara ya tatu.

Safari hii haikuwa zahanati, ilikuwa hospitali, na dripu, na mimi kwenye benchi la nje nikihesabu vigae ili nisilie mbele za watu. Nililia hata hivyo. Muuguzi alinipa kiti chenye mgongo, akasema mama yangu ni mgumu, atatoka, na tumbo halijatoboka. Nilimshukuru muuguzi, nikaenda moja kwa moja dukani kwa mama wa Kihindi, nikiwa na khanga ya mama mkononi na hasira zangu zote mahali pake.

Niliyoyasema pale dukani siyaandiki. Kulikuwa na wateja wawili, na mmoja alinunua haraka akaondoka. Nilisema nimeuziwa mapambo ya ukutani. Nilisema mama yangu amelazwa. Mwenye duka alinisikiliza mpaka nikaishiwa, akanisogezea kiti, akamwita fundi. "Nenda sasa hivi," akamwambia. "Pima kila kitu." Kisha akaniuliza mama anaendeleaje, anakula nini, na mimi nikamjibu kwa sauti ya kawaida kabisa, maana yule mimi aliyekuwa amepiga kelele hakuwepo tena.

Fundi alipima kwa kipimo chake cha chumvi, na safari hii, kwa amri ya mwenye duka, chupa ilipelekwa pia maabara. Majibu yalirudi mama akiwa bado kitandani. Maji ya koki yalikuwa masafi. Hayakuwa na chumvi ya maana wala kijidudu. Mashine ilikuwa inafanya kazi yake vizuri kuliko mtu yeyote kwenye familia yetu.

"Basi mama yako anakunywa kwingine," mwenye duka akasema. "Kwa majirani? Juisi za barabarani?"

Mama hanywi juisi za barabarani. Anasema barafu yake haina wazazi. Nilibaki na karatasi yangu ya pili, na sikuwa na mtu wa kumgombeza.

Mama aliporuhusiwa nilihamia kwake. Kwa siku za mwanzo alikunywa maji ya chupa niliyoyanunua mimi, nikimsimamia, naye akanywa kama mtu anayetumikia kifungo. Alipopata nguvu ya kusimama jikoni, sikwenda Mchikichini. Nilimwomba jirani yangu wa meza aniangalizie viatu, nikakaa kwenye mkeka pembeni ya mlango wa jikoni, nikajifanya nachambua mchele.

Baada ya alfajiri mama akawasha mashine. Pampu ikakoroma. Akaweka ndoo safi yenye mfuniko chini ya ile koki nyembamba na ndoo ya kawaida chini ya mrija wa pili, akaketi kwenye kibao, akasubiri na tasbihi yake. Ndoo safi ilipojaa aliinyanyua kwa mikono miwili, akasimama kupumua, akanipita pale mlangoni, akapita mbele ya chumba chake, akatoka barazani, akaimimina yote kwenye mtungi. Akarudi. Akaiweka tena chini ya koki. Na ile ndoo nyingine, ya mrija wa pili, iliyokuwa imejaa zamani na inafurika, akaichota kwa kata, akajaza jagi lake la kunywa, akalifunika kwa kitambaa chake cheupe alichokifuma pembeni kwa shanga.

Nilisimama, mchele ukamwagika.

"Mama, hilo jagi ni la nini?"

"La kunywa."

"La nani?"

"La kwangu."

"Hayo ni ya mrija wa pili!"

"Najua."

"Fundi alikwambia usinywe!"

"Aliniambia. Lakini ni mengi, nitamwagaje maji? Na hayo mazuri yanatosha mtungi tu. Mimi nakunywa yanayobaki." Alisema hivyo akinitazama kama mtu anayeeleza jambo ambalo hata mtoto angelijua. "Mgeni hula kwanza. Mwenye nyumba anakula kilichobaki. Umelelewa nyumba gani wewe?"

Nililelewa nyumba hiyo hiyo. Nimeona maisha yangu yote nyama ikienda ukumbini na sisi tukibaki jikoni na mchuzi. Nilijua kabisa anachokisema, na hilo ndilo lililonipandisha hasira zaidi. Nilimwambia hayo si makombo, ni sumu. Nilimwambia kila kinachokataliwa na mashine kinasukumiwa kwenye jagi lake, mara mbili zaidi ya kilivyokuwa tangini. Nilimwambia nimemnunulia yeye mashine, sikuwanunulia makuli wa Kariakoo. Nikamwambia, na hapa sauti yangu ilifika barazani, "Baba amekufa, mama! Marehemu haumwi tumbo!"

Mama akakaa kwenye kibao chake. Pampu iliendelea kukoroma, nikaenda kuizima.

"Unajua baba yako alipimiwa maji," akasema.

Nilijua. Figo zilipokufa daktari alisema kiasi chake cha maji kwa siku kiwe kidogo sana, kwa kipimo, na mama ndiye aliyeshika kipimo. Nilikuwa nakumbuka ile chupa ndogo yenye mistari.

"Siku ile wewe ulikuwa umekwenda kuchukua dawa. Akaniambia, nipe maji. Nikamwambia yako yameisha, subiri jioni. Akaniambia, nusu glasi tu. Nikamwambia, daktari amekataa, mume wangu, subiri jioni." Alikuwa anakunja na kukunjua pembe ya khanga. "Akasema sawa. Hakunigombeza. Unamjua baba yako, hakuwa na hasira kama zako. Akageukia ukutani. Jioni hakuifikia."

Sikuwa najua hilo. Nilikuwa nimeishi miaka yote ile nikidhani baba alikufa usingizini.

"Mtu mzima kaniomba maji nikamnyima," mama akasema. "Sasa unataka nimpe yale ya mtaroni, mimi ninywe masafi?"

Nilikaa chini katikati ya mchele. Nilimwambia daktari ndiye aliyekataa, si yeye. Akasema daktari hakuwepo chumbani. Nikamwambia angempa angekufa mapema zaidi. Akasema, "Labda." Tulilia wote wawili, yeye kimya kimya na mimi kwa kelele, kama tunavyofanya mambo yetu yote.

Baadaye nilijaribu akili. Nikamwambia tutanunua mashine ya pili. Akasema ya pili ikija, mtungi wa pili utakuja nayo, kona ya kule nako watu wana kiu. Nikamwambia basi akinge kwenye mtungi wenyewe, anywe humo, maji si yapo barazani kwake? Hapo aliniangalia kwa huzuni ya kweli.

"Nile sadaka yangu mwenyewe?"

Nilisoma chuo cha Kurani utotoni, kwenye mkeka, chini ya mwalimu mwenye fimbo ndefu kuliko subira yake. Nimesahau mengi. Lakini jambo moja lilinijia pale pale jikoni, na lilinijia kwa sauti ya mwalimu. Sadaka ikishamfikia aliyepewa, ni mali yake. Na akikupa wewe kitu katika mali yake, kwa hiari yake, kwako wewe ni zawadi. Zawadi unakula.

Sikumwambia mama kitu. Nilitoka barazani, nikavaa viatu, nikashuka barabarani, nikaenda mpaka kwenye kona ya muuza chaja. Yule kijana wa chaja aliniuliza natafuta nini, nikamwambia sitafuti kitu, napita tu. Nikageuka. Nikarudi kwa mwendo wa mtu ambaye hana nyumba mtaa huu. Nikasimama mbele ya mtungi.

"Assalamu alaykum, wenye nyumba," nikaita. "Napita njia. Nina kiu."

Mama akatokea mlangoni, macho bado mekundu. Akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu. Kuna watu wawili walikuwa wamepumzika na mizigo yao pembeni ya baraza, nao wakanitazama.

"Waalaykum salaam," akasema, polepole. "Karibu maji."

Nikakinga kikombe. Nikasema bismillahi, nikanywa nusu. Kweli yalikuwa mepesi, hayakuwa na ladha ya kitu. Nikasema, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Allah amrehemu mzee wa nyumba hii." Kisha nikajaza tena, mpaka juu, na mnyororo ukivutika mpaka mwisho wake nikamnyooshea.

"Haya ni yangu sasa," nikasema. "Umenipa. Nami nakupa wewe, zawadi."

Hakupokea mara moja. Nilimwona akilipima jambo, upande huu na upande ule, kwa sababu mama yangu hadanganyiki katika mambo ya dini na alikuwa anatafuta mahali nilipodanganya.

"Umekunywa kwanza?"

"Nimekunywa."

"Umemwombea?"

"Nimemwombea. Umesikia."

"Unanipa kwa roho safi? Si kwa hasira?"

Hilo lilinichukua muda. Wale wabeba mizigo walikuwa wananisubiri na mimi nilikuwa najisubiri.

"Kwa roho safi, mama."

Akaja mpaka ukingoni mwa baraza, akaketi juu ya ngazi, akakipokea kikombe kwa mikono miwili. Alikunywa kwa mapumziko matatu kama alivyonifundisha, akishusha kikombe na kuvuta pumzi kila mara. Hakubakisha tone. Kwa muda alikaa amekishika kikombe kitupu, na midomo yake ilikuwa inasema kitu ambacho hakikuwa changu kukisikia.

Kisha akaninyooshea.

"Bado nina kiu," akasema.

Nikakiachia kikombe kwenye mnyororo wake, nikageuka, nikaenda tena mpaka kwenye kona.